Ijumaa Kompyuta Zilipopewa Anwani za Uongo

Ofisini kwetu, ukitaka jambo lifike sokoni kabla ya adhuhuri, niambie mimi asubuhi na unisihi nisimwambie mtu. Wenzangu wanalisema hilo mbele yangu, na mimi sibishi, maana ni kweli. Mdomo wangu hauna breki. Nalitaja mapema kwa sababu mambo yote ya Ijumaa ile yalitokana na mdomo huu, ingawa uliosingiziwa ni mtandao.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ofisi moja ya umma hapa Mtwara mjini. Naishi Chuno, naenda kazini kwa bajaji, na kabla sijashuka simu inakuwa imeshalia: printa haitoi, panya amekufa, nywila imesahaulika. Mtu mzima na shahada yake anakuita uje kumwashia skrini. Nafoka, halafu naenda. Nikifika nafoka tena kidogo ili wasizoee.

Mtu pekee nisiyemfokea ni Mama Masjala. Tunamwita hivyo kwa sababu mafaili yote ya ofisi yako mikononi mwake, na ukimwomba faili la miaka ya nyuma anakwambia liko rafu gani bila kuinua macho. Ni mtu wa Bukoba. Alipangiwa Mtwara akiwa msichana, akadhani atakaa kidogo arudi kwao, akazeekea hapa. Kutoka Bukoba mpaka Mtwara ni kutoka kona moja ya nchi mpaka kona nyingine. Ukiteremka kwenye basi miguu imevimba na umesahau ulichofuata. Ndugu zake walikuwa wakimtumia senene, panzi wa kukaanga wa kwao, kwa vifurushi, na mara ya kwanza aliponionjesha nilikula nikidhani ni dagaa wa aina mpya. Aliniacha nimalize ndipo akaniambia. Alicheka mpaka akashika meza.

Kule Bukoba alikuwa na mama yake, bibi kizee aliyepata kiharusi, upande mmoja umelegea. Jirani ndiye aliyekuwa akimlisha na kumgeuza. Kila siku saa ya chai Mama Masjala alimpigia simu. Walizungumza Kihaya, lugha ambayo mimi siijui hata salamu, lakini kila siku mazungumzo yalifika mahali bibi akauliza jambo, na jibu la swali hilo Mama Masjala alilitoa kwa Kiswahili: "Tuombe Mungu, mama." Halafu anakata simu, anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Siku moja nikamuuliza bibi huwa anauliza nini. Akasema, "Anauliza narudi lini."

Aliomba uhamisho nywele zikiwa nyeusi. Mwaka ule, hatimaye, akapata mtu wa kubadilishana naye: kijana wa ofisi kama yetu kule Bukoba, ambaye mchumba wake anafundisha huku. Yeye aje Mtwara, Mama Masjala aende Bukoba. Kilichotakiwa ni wakuu wao wawili waingie kwenye mfumo wa watumishi na kubofya kitufe cha kuidhinisha, basi. Mkuu wa kijana alikuwa amekwisha kubofya. Mkuu wetu alikuwa vijijini wiki nzima kwenye vikao vya msimu wa korosho, akarudi Ijumaa asubuhi. Na dirisha la uhamisho lilikuwa linafungwa Ijumaa hiyo hiyo, saa tisa na nusu alasiri. Ombi lisipopita, lisubiriwe dirisha jingine, na kijana alikuwa ameshasema hasubiri. Alikuwa na mtu mwingine Lindi tayari kubadilishana naye, na Lindi na Mtwara kwa mtu mwenye mchumba si mbali.

Basi, Ijumaa saa nne asubuhi umeme ukakatika. Gesi ya kuzalishia umeme inatoka kwetu, inasafishwa Madimba hapo, inapanda bomba inakwenda Dar, na sisi tunaipungia mkono. Umeme ukarudi, kompyuta zote zikawaka kwa pamoja, na hapo ndipo simu yangu ilipoanza kulia.

"Mfumo haufunguki."

"Na huku haufunguki."

"Dada, kwangu inaandika imeunganishwa lakini hakuna kitu."

Sasa nieleze kidogo, kwa sababu nimechoka kueleza na sitaeleza tena. Kompyuta ya ofisini ikiwaka haijui inakaa wapi. Inapiga kelele kwenye waya: jamani, nipeni anwani! Kuna mashine moja, ruta yangu, kazi yake ni kuijibu: chukua hii. Ni kama dirisha la mapokezi hospitali, unafika unapewa namba, unakaa, unasubiri kuitwa. Ukiwa na namba sahihi unaonwa na daktari. Ubaya wake ni huu: kompyuta haina akili ya kumuuliza mgawaji kitambulisho. Akitokea mtu mwingine pale mlangoni na namba zake za kutunga, atakayekuwahi kwanza ndiye utakayepokea kwake, na utakaa kwenye benchi mpaka jioni ukisubiri kuitwa na daktari asiyekuwepo.

Nikaenda kwanza kwa mkuu, maana nilijua cha muhimu siku ile ni nini. Nikamkuta ameketi, miwani puani, ombi la Mama Masjala halionekani, duara linazunguka tu. Nikaiamuru kompyuta iachie anwani yake iombe nyingine. Ikaachia, ikaomba, ikapewa. Nikaisoma. Anwani zetu zote zinaanzia kumi. Hii ilianzia mia moja tisini na mbili.

"Mkuu," nikasema, "hii siyo yetu. Kuna mtu kachomeka ruta yake humu ndani."

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Una hakika?"

"Kabisa. Na nikimpata nitamla nyama."

"Mwanangu, punguza ukali," akasema, kwa upole ambao kwake si wa kawaida.

Mtu anayeijua kazi hii atauliza kwa nini sikuiandikia kompyuta ya mkuu anwani sahihi kwa mkono nikamaliza. Nilitaka! Lakini mabadiliko ya namna hiyo yanadai nywila ya makao makuu, na makao makuu Ijumaa simu inalia mpaka inachoka yenyewe. Na mfumo wenyewe haufunguki kwenye simu ya mkononi wala nje ya ofisi. Hilo walilifanya kwa usalama, sawa, Mungu awabariki.

Nikaanza msako. Nilipita chumba kwa chumba nikipiga magoti chini ya kila meza. Niliyoyaona huko chini sina hamu nayo. Chini ya meza ya utumishi kulikuwa na jiko la umeme lililopigwa marufuku. Kwa afisa mipango, viatu vya aina tatu na kiroba cha korosho. Kwa dada wa manunuzi nilikuta sufuria la ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, bado ya moto, akaniomba nisiseme, nikamwambia nipe mmoja. Ruta sikuiona.

Vyumba vyote vikaisha. Kikabaki kimoja, ukumbi wa mikutano, na huko ndiko liliko kabati la swichi, mahali waya zote za jengo zinapokutana, kwa kuwa aliyejenga ofisi hii hakuota kwamba kutakuja kompyuta. Nikafika mlangoni. Umefungwa kwa ndani, na karatasi imebandikwa kwa herufi kubwa: KIKAO CHA KAMATI YA NIDHAMU. USIINGIE.

Mimi na kamati ya nidhamu tulikuwa na sababu ya kufahamiana. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimempongeza mhasibu, mbele za watu, kwa ujauzito wa mke wake, na kumbe mhasibu mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa. Nikaweka sikio mlangoni. Ndani watu walikuwa wakinong'ona, na mmoja akasema wazi wazi, "Yule akijua tu, kwisha." Nikajua ni mimi.

Nikarudi kwa mkuu mbio. "Mkuu, naomba kamati inipishe kwenye kabati la swichi dakika mbili tu, halafu waendelee kunijadili."

"Ukumbini hapana."

"Mkuu, tatizo liko huko!"

"Nimesema hapana. Tafuta njia nyingine." Na jasho linamtiririka, kiyoyozi kinavuma.

Nilitoka mle ndani nimefura. Mama Masjala alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, amevaa gauni lake la kwenda kanisani. Akaniuliza taratibu, "Binti, litapita leo?" Nikamwambia litapita, mama, usihofu. Nilimwambia hivyo na sikuwa na njia yoyote kichwani.

Wenye kwenda kuswali walikwenda, wakarudi. Saa nane ikapita. Ghafla mhasibu, ambaye tangu jambo lile la pongezi alikuwa hanisemeshi, akatoa kichwa mlangoni: "Kwangu mfumo unafunguka!" Kumbe mashine yake ilikuwa imewaka ikawahi kwa ruta yangu, ikapata anwani ya kweli. Nikamshika mkuu mkono kama mchumba, nikamkimbiza koridoni. Tukafika. Skrini nyeusi.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Nimeizima niiwashe upya," mhasibu akasema, "ili mkuu aikute safi."

Nilitaka kulia. Ikawaka, ikaomba anwani, ikapewa ya uongo kama wenzake. Sitarudia maneno niliyomwambia mhasibu, ila ujue kwamba kama kamati ilikuwa bado inatafuta ushahidi, ilikuwa imeupata.

Nikatoka nje kupumua. Nyuma ya jengo kuna mlango mdogo wa ukumbi, wa kupitishia viti. Nikawaona wanawake wawili wa idara ya utawala wanakuja wamebeba sufuria kubwa limefunikwa, wanahema, mmoja anapiga teke mlango ufunguke. Na mimi, kwa mazoea ya nyumbani, nikakimbia nikawafungulia. Harufu ya pilau ikanipita usoni. Wakaingia, wakasema asante, halafu wakageuka wakaona ni nani aliyewafungulia, na mmoja nusura aachie sufuria.

Kamati ya nidhamu tangu lini inakula pilau?

Nikaingia. Jamani! Ukumbi ulikuwa umepambwa vitambaa vya dhahabu mpaka darini. Meza kuu ina keki. Wafanyakazi nusu ya ofisi wako humo, wanawake wote wamevaa kitenge kimoja cha sare, kijani na maua mekundu. Ukutani limetundikwa bango: KWAHERI MAMA YETU WA MASJALA. Na runinga kubwa inacheza muziki kutoka intaneti bila kukwama hata sekunde. Jengo zima hakuna mtandao, runinga peke yake ndiyo iliyobahatika kuwahi kwa ruta yangu.

Dereva wa ofisi, ambaye ndiye mshereheshaji wetu wa sherehe zote, alikuwa ameshika kipaza sauti. Akanong'ona ndani yake, na mnong'ono ukasikika ukumbi mzima: "Nani kamruhusu huyu?"

Nilifuata waya kwa macho kutoka tundu la ukutani. Umepita nyuma ya viti, umepita chini ya zulia jekundu, umepanda kwenye meza ya keki. Nikainua kitambaa cha dhahabu. Ruta hiyo, ndogo, nyeupe, imetulia. Na mtu alikuwa ameibandika ua la plastiki ili ifanane na mapambo.

"Nani kachomeka hii?" Nadhani Chuno walinisikia.

Halafu dereva, taratibu, akakielekeza kipaza sauti mlangoni. Nikageuka. Mkuu alikuwa amesimama hapo, amenifuata mbio, tai begani.

"Ni ya nyumbani kwangu," akasema. "Tulitaka tumpigie mama yake aonekane kwenye runinga wakati wa kukata keki. Bando likaisha. Dereva akasema ukutani kuna tundu la waya. Na kwa kuwa runinga inacheza vizuri, nikadhani si yenyewe inayoharibu."

"Kwa nini hamkuniambia mimi? Mimi ndiye mtu wa kompyuta!"

Walinitazama tu, wote, na keki yao, na hapo nikajijibu mwenyewe. Ilikuwa sherehe ya siri.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Watu walikuwa wamempikia pilau ya kumuaga, wamemshonea sare, wamemwekea keki, na kwa kifaa cha sherehe hiyo hiyo walikuwa wamemzuia asiondoke. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria kwamba ruhusa bado. Mkuu ameahidi kubofya, kwa hiyo kwao ilikuwa imeshabofywa.

Nikachomoa waya. Muziki ukakatika. "Mkuu," nikasema, "tukimbie."

Tulikimbia. Sijawahi kumwona mkuu akikimbia kabla wala baada. Nikaiamuru kompyuta yake iachie ile anwani, ikaachia. Iombe, ikaomba. Nilishika ukingo wa meza. Ikaja: kumi. Mfumo ukafunguka, ukadai nywila, na mkuu akaikosea. Akaikosea tena. Ukutani saa ilikuwa imeshapita saa tisa na robo.

"Sogea, mkuu," nikasema. "Ni jina la mjukuu wako, herufi ya kwanza kubwa."

"Umejuaje?"

"Ofisi nzima inajua."

Akanitazama vibaya, lakini akasogea. Nikaingiza. Ombi likatokea na jina lake Mama Masjala juu. Nikamwachia mkuu kipanya, kwa kuwa hiyo kazi ni yake, akabofya. Duara likazunguka. Likazunguka, mimi nikalitukana kimoyomoyo kwa Kimakonde chote nilichofundishwa na bibi yangu. Kisha maandishi ya kijani: ombi limeidhinishwa.

Mama Masjala alikuwa mlangoni. Sijui alifika lini. Alisoma yale maandishi kutoka pale pale, halafu akakaa chini, sakafuni, na gauni lake la kanisani, mkoba kifuani. Mkuu akaenda akakaa naye chini, na tai yake. Mimi nikabaki nimesimama na mdomo wangu, na kwa mara ya kwanza mdomo haukuwa na la kusema.

Tulipompeleka ukumbini, dereva akapiga kelele za kumshtukiza. Mama Masjala akatazama mapambo, akasema, "Mmependezesha. Ila pale Jumanne dereva alipokuja kunipima kiuno kwa kamba ya faili, nilishajua." Kwa hiyo ofisi nzima ilikuwa inajua, mwenye sherehe mwenyewe akiwemo. Asiyejua alikuwa mimi peke yangu. Nikaanza kuwaka, na hapo hapo dada wa manunuzi akanitia mikononi kitenge cha kijani chenye maua mekundu, kimeshashonwa. Cha kwangu. Walikikadiria kwa macho na kilikuwa kipana, lakini nilikivaa juu ya nguo zangu pale pale.

Ruta ya mkuu nilikataa isiguse ukuta tena. Nikaiunganisha runinga na simu yangu mimi, kwa bando langu mimi, na tukapiga. Ikaita sana. Kisha akatokea: bibi kizee wa umbo dogo amelazwa kwenye mito, mdomo umevutwa upande, jirani kamshikia simu karibu mno, kwa hiyo kwenye runinga tuliona jicho moja na kilemba. Watu wakampigia vigelegele. Bibi hakuvijali. Alimtazama bintiye, akauliza jambo kwa Kihaya, na mimi nisiyejua hata salamu nililijua swali lile.

Nikasubiri nisikie "Tuombe Mungu, mama." Ukumbi mzima nao ukatulia, kwa sababu wote walikuwa wakilisikia kila siku saa ya chai kama mimi.

Mama Masjala akasema neno moja la Kiswahili: "Jumapili."

Bibi hakuamini. Akauliza tena, sauti imepanda. Mama Masjala akarudia, "Jumapili, mama. Jumapili ijayo." Bibi akageuza kichwa pole pole kumtazama jirani, akaanza kumwambia maneno mengi, ya haraka, ya amri, mkono wake mzima ukionyesha upande ambao sisi hatukuuona.

"Anasemaje?" nikauliza. Mdomo wangu tena, haujui kusubiri.

Mama Masjala alikuwa anacheka na machozi yanashuka. "Anamwambia afagie chumba changu," akasema. "Anamwambia aanze sasa hivi."

Nikatafuta leso mkobani, sikuiona, nikajifuta kwa ile sare mpya. Dereva akaniona. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba leo mtu wa kompyuta analia, na mimi nikatafuta upande mkavu wa sare.